Saa ya Mama Ilisema Anatembea

Mpendwa Mama Anjela,

Shikamoo. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kisha unisaidie mawazo, maana ya kwangu yamekwisha. Jina langu usilitoe, na majina ya watu nitakaowataja nimeyabadilisha, kwa sababu Sumbawanga ni mji wa watu kujuana na mimi bado natamani kupita sokoni bila kunyooshewa kidole.

Ninafanya kazi katika ofisi moja hapa mjini inayokusanya taarifa za wagonjwa kwa niaba ya kampuni ya dawa. Kuna dawa mpya ya moyo inayojaribiwa, na wagonjwa wa huku kwetu walioikubali kwa hiari yao, wengi wao wazee wa Kaengesa, Mwazye na vijiji vya jirani, kila mmoja amevalishwa saa mkononi, si saa ya kutazama muda, ni saa ya kuhesabu mwendo, mtu akitembea inahesabu hatua, akilala inajua amelala, na taarifa zinapita kwenye simu iliyoachwa nyumbani kwake mpaka kwenye kompyuta zetu, sisi tunaona mstari wa kila mgonjwa ukipanda au ukishuka. Mkuu wetu, nitamwita Bwana Vicent, alituambia siku ya kwanza kwamba hizi ndizo taarifa za kisasa, kwamba zamani kampuni zilimsubiri mgonjwa aje kliniki aseme anajisikiaje, na mgonjwa anasahau, anaona haya, anataka kumfurahisha daktari, lakini mkono haudanganyi. Mgonjwa wa moyo akipata nafuu atatembea, akizidiwa atalala, na saa itasema. Hayo maneno niliyapenda, Mama Anjela, nikawa nayasema na mimi kila mahali kama vile niliyatunga mwenyewe.

Mama yangu mzazi ni mmoja wa wagonjwa hao. Moyo wake umetanuka, anaishi Kaengesa na mdogo wangu ambaye nitamwita Silvana, na mimi ndiye niliyemshawishi aingie kwenye majaribio, nikiona dawa ni nzuri na saa ni baraka, kwamba mimi niliye mjini nitamwona mama kila siku bila kupanda gari. Siku tunamfunga ile saa nilimwambia, "Mama, usiivue, humu ndimo nitakamokuwa nakuona." Akaigusa kwa mkono wa pili, akasema, "Basi nitaoga nayo."

Mwanzoni mstari wake ulikuwa chini, kisha ukaanza kupanda, taratibu, halafu kwa kasi. Mimi nilifurahi sana. Kila asubuhi kabla ya kunywa chai nilikuwa nafungua kompyuta namtazama mama anavyotembea, na kwa kuwa namwona, safari za nyumbani nikazipunguza, na simu nazo nikapunguza. Silvana akawa ananipigia yeye. "Dada, mama hayuko vizuri. Miguu imejaa, akienda chooni namshika." Nikamwambia, "Silvana, mbona mimi namwona hapa anatembea kuliko mwezi uliopita? Au umechoka kumhudumia, useme tu?" Akauliza, "Unamwona wapi?" Nikasema kwenye kompyuta. Akasema, "Sawa, dada. Wewe ndiye unayemwona," akakata.

Kuna siku moja mstari wa mama ulipanda kuliko siku zote, kuliko wa mgonjwa mwingine yeyote wa mradi mzima, nikawaita wenzangu waone, wakanipongeza, na Bwana Vicent akauchukua ule mchoro akauweka kwenye taarifa yake kama mfano wa mgonjwa ambaye dawa imemkubali. Nikampigia Silvana nimwambie, hakupokea. Nikasema moyoni amenuna, atajijua.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyumbani na sukari na sweta jipya la mama, kwa sababu baridi ilikuwa imeshachanganya. Nilipofika nilikuta viatu na ndala zimejaa mlangoni, ndani jumuiya nzima ya kanisani imekaa, na mama ameegemezwa mito karibu na moto, uso umevimba, miguu imekuwa mizito hata kitenge hakifungiki vizuri, anapumua kwa shida. Unajua kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Anaingia mtu, anachuchumaa, anapiga makofi, mama anaitika naye kwa makofi, anaulizwa hali, makofi, anauliza ulezi umetoka vipi, makofi, anauliza watoto, makofi tena, huyo akikaa anaingia mwingine. Mama kikombe cha uji hawezi kukishika mpaka Silvana amsaidie, lakini salamu ya mtu hawezi kuiacha ipite bila kuijibu. Akaingia katekista, mama akajikaza akapiga makofi ya heshima, marefu, na mimi nikaangalia ule mkono wake. Namba za hatua kwenye saa zilikuwa zinakimbia. Mama amekaa, saa inatembea.

Nilitoka nje nikamfuata Silvana jikoni, nikamuuliza watu hawa wameanza lini kuja wengi hivi. Akasema, "Tangu azidiwe. Akizidiwa zaidi wanaongezeka. Ile siku Padri alipokuja kumpaka mafuta ya wagonjwa hapakuwa na pa kukanyaga." Nikamuuliza ilikuwa siku gani, akanitajia. Ilikuwa siku ile ile niliyowaita wenzangu waje waone.

Kwa hiyo Mama Anjela, hicho ndicho nilichokuwa nakitazama kila asubuhi. Kadiri mama alivyokaribia kufa ndivyo watu walivyokuja kumwona, na kadiri walivyokuja ndivyo alivyoonekana kwangu anapona. Na kinachonikata maini ni kwamba mwanzoni kabisa wataalamu wa kampuni walituuliza, je, kuna kazi au desturi ya huku inayoweza kuichanganya saa? Tukawatajia kutwanga, tukawatajia kupepeta ulezi na kupalilia, wakaandika, wagonjwa wakaambiwa wavue saa wakati wa kazi hizo. Salamu hakuna aliyeitaja. Mimi ni Mfipa, nimezaliwa katika hayo makofi, lakini kwangu salamu haijawahi kuwa kazi wala desturi, ni salamu tu, haikunijia hata kidogo.

Tulimkodia mama gari siku hiyo hiyo tukamleta hospitali hapa mjini. Madaktari wamesimamisha ile dawa, wamemwekea nyingine, wametoa maji mengi mwilini, lakini mmoja aliniita pembeni akasema moyo umechoka sana na kwamba angekuja mapema ingekuwa afadhali. Hajui kwamba mapema nilikuwa naambiwa na sikutaka kusikia.

Jumatatu nikamweleza Bwana Vicent yote. Hakunifokea, alinipa pole, akaninunulia na soda. Kisha akasema, "Mgonjwa mmoja si utafiti, binti. Andika kwamba kifaa cha mama yako kilikuwa na hitilafu, tumtoe kwenye hesabu, biashara imekwisha." Nikamwambia, "Bosi, saa ya mama ni nzima. Wazee wote wa huku wanapiga makofi." Akacheka, akasema, "Sasa nikaseme hivyo Dar es Salaam? Kwamba dawa imeshindwa kwa sababu ya salamu?" Akanikumbusha kwamba nilisaini karatasi ya kutunza siri za kazi, na kwamba wiki ijayo kuna kikao cha kuamua kama mradi upanuliwe uende na vijiji vya Nkasi mpaka Kate, na ofisi yetu yote inategemea kikao hicho. Kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na nyumbani.

Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Kuna mzee mmoja wa Mwazye, nitamwita Mzee Kornel, mstari wake nao umepanda sana siku hizi. Juzi nikapiga simu kwake, akapokea mkwewe, Kristiana, nikamuuliza hali ya mzee. Akasema, "Yupo, ila ana wageni." Nikashindwa kuuliza swali la pili, nikakata simu, nikaingia chooni nikalia.

Na bado sijakwambia la mwisho. Jana nesi alitaka kumvua mama ile saa atafute mshipa wa kuwekea dripu. Mama akakataa, akaufunika mkono kwa mkono mwingine, akasema, "Usiivue, mwanangu atanionaje?" Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale kitandani kwake. Hajui kwamba ilinidanganya. Silvana naye hajui, anadhani nilikuwa na dharau tu. Nimwambie mama ukweli akiwa katika hali hii, au nimwache na imani yake? Na kazini niseme au ninyamaze, maana hata mimi sina hakika kama dawa ni mbaya, huenda kuna wengine inawasaidia kweli, nikisema nitawatisha wazee waiache, nisiposema naogopa kitakachotokea. Nifanye nini, Mama Anjela? Nisaidie.

Mimi niliyekuwa namtazama mama kwenye kompyuta,
Sumbawanga.

MAMA ANJELA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma jana nikaiweka chini, leo nimeisoma tena, na bado imeniacha na uzito kifuani. Nakupa pole ya dhati. Sasa futa machozi, maana nina maneno ya kukwambia na mengine hayana sukari.

Kwanza acha kusema saa ilikudanganya. Saa ilihesabu mkono ukitikisika, na mkono wa mama yako ulitikisika kweli. Aliyesema kwamba mkono ukitikisika basi moyo umepona ni binadamu, na wewe ulimwamini. Mdogo wako alikwambia kwa mdomo wake, yeye aliyekuwa anamshika mama kwenda chooni, kwamba miguu imejaa. Ukamjibu amechoka kuhudumia. Hapo, binti, ulikosea vibaya, na sitakupunguzia hata kidogo. Hukukosa taarifa. Ulikuwa nazo mbili, ukachagua iliyokufurahisha.

Lakini usijibebeshe na visivyo vyako. Ugonjwa wa mama yako hukuuleta wewe. Hao wataalamu waliotaka kujua wazee wa Ufipa wanatembeaje, wangekaa asubuhi moja tu ndani ya nyumba yenye mgonjwa, wangeyasikia hayo makofi kabla hata hawajakaribishwa kiti. Walikuuliza wewe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kwenda. Na mtu hawezi kukutajia asichokiona, kama vile usivyoweza kunitajia leo asubuhi umepumua namna gani. Kwa hilo nakusamehe mimi, ujisamehe na wewe.

Sasa huyo Bwana Vicent. Sitamwita shetani, amekupa pole na soda. Ila tazama anachokuomba. Mgonjwa aliyezidiwa kuliko wote atolewe kwenye hesabu kwa jina la hitilafu. Na akizidiwa Mzee Kornel, naye saa yake itakuwa na hitilafu? Ukiwatoa wote waliozidiwa, watakaobaki ni wazima, na dawa itaonekana nzuri ajabu. Kisha itapelekwa Kate, wazee wa kule watavalishwa saa, na watoto wao walioko mjini watakuwa wanafurahi mbele ya kompyuta kama ulivyofurahi wewe. Hilo la kuandika hitilafu usilifanye. Mkono wako usisaini uongo huo hata kama utaambiwa ofisi inafungwa kesho.

Umesema huna hakika kama dawa ni mbaya. Vizuri, shikilia hapo hapo, maana huo ndio ukweli na ndio unaopaswa kuusema. Hujui wewe, hajui Bwana Vicent, haijui kampuni. Mlikuwa mnapima wageni mkadhani mnapima moyo. Usipite kijijini kuwaambia watu waache vidonge, utaua mtu. Nilivaa gauni la unesi miaka mingi na nimeona walioacha dawa ya moyo kwa kusikia maneno njiani. Kazi ya kusimamisha dawa ni ya daktari.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze leo, kikao hakitakusubiri. Andika ulichokiona kama ulivyoniandikia mimi, bila machozi, kwa ufupi: wageni wanaongezeka mgonjwa akizidiwa, salamu ya makofi inahesabiwa kama hatua, na siku ya mpako wa wagonjwa mstari ulikuwa juu kuliko siku zote. Mpelekee daktari anayesimamia majaribio, mkononi, na nakala ubaki nayo. Kila mgonjwa aliyeingia kwenye majaribio alipewa karatasi ya ridhaa, na karatasi hizo huwa na namba ya simu ya kamati ya maadili. Ya mama yako iko nyumbani, mwambie Silvana aitafute, kisha upige hiyo namba. Sikubali kwamba karatasi ya siri uliyosaini ilikusudiwa kuficha mgonjwa anayezidiwa, na kama wao wanaona hivyo, waiambie kamati. Waombe jambo moja tu: kabla ya kikao, mtu mwenye macho aende kwa kila mgonjwa, amwangalie miguu, amsikilize kifua, na amuulize mwenyewe na anayemuuguza hali ikoje. Aanze na Mwazye. Na wewe umpigie tena Kristiana, safari hii usikate simu, umwambie ampeleke mzee kituo cha afya kesho asubuhi, wageni watamkuta akirudi.

Kazi unaweza kuipoteza. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, huenda ukaipoteza kweli, na itauma mwisho wa mwezi ukifika. Lakini umeniambia unaingia chooni kulia kwa sababu mtu kasema ana wageni. Kazi ya namna hiyo utaifanya mpaka lini?

Kwa Silvana nenda wewe, usimwite. Ni mdogo wako, najua, na kwenu mkubwa ndiye anayesalimiwa kwanza. Safari hii uchuchumae wewe, umpigie makofi wewe, umwambie, "Uliniambia sikukusikia." Akikutukana mwache amalize.

Umebaki na mama. Umeniuliza umwambie ukweli au umwache na imani yake. Wewe mama yako humjui. Unadhani anaipenda ile saa? Amejaa maji, amechoka, amefungwa kitu mkononi hata kuoga hakivui, na amekivumilia kwa sababu alitaka umwone, basi. Mambo ya dawa na mistari na Dar es Salaam hayana haja tena ya kumfikia kitandani. Anachotakiwa kujua ni kwamba unamwona, na hilo hatalijua mpaka uwe mbele yake, tena ukae, si kusimama kama mtu anayesubiri gari. Madaktari wamekwambia moyo umechoka, nami sina neno la kukufariji hapo.

Nenda wodini leo. Vuta kiti karibu, umwambie, "Mama, nimekuja, nakuona kwa macho yangu," halafu ile saa umfungue wewe mwenyewe, si nesi. Atataka kukusalimia kama alivyozoea, ataanza kunyanyua mikono apige makofi. Mshike hiyo mikono yote miwili, taratibu, uiweke chini, apumzike.